Kanda ya Kibaha Isomwe Kisarawe

Wadogo zangu mliobaki ofisini, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na kuniomba niseme neno, nami nikasema mafupi kwa sababu pilau ilikuwa inapoa. Haya ndiyo marefu yake. Ninayaandikia barazani kwangu hapa Visiga, kuku wananipita miguuni na hakuna mtu wa kunigongea mlango akisema printa imegoma. Sitasimulia vyeo. Nilivyopata ni vichache, na kila kimoja kilikuja na mikutano yake. Nitasimulia kanda.

Wengine wenu hamjawahi kuishika hata moja. Kanda ya kompyuta ni kijisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani, na ndani yake mna utepe mwembamba unaofanana na ule wa kaseti za muziki tulizokuwa tukizirudisha nyuma kwa kalamu. Katika utepe ule ilikaa mipaka ya mashamba na viwanja vya watu: nani anapakana na nani, bikoni ya kona, lile jiwe la mpaka, imezikwa wapi, njia ya mifugo inapita upande upi. Kampuni yetu ya upimaji, ambayo hamhitaji niitaje jina, ilikuwa na makao Kibaha na tawi dogo Kisarawe. Wapimaji walikwenda mashambani wakarudi na vipimo. Sisi wa chumba cha kompyuta tuliviingiza kwenye databesi, yaani ile hazina ya taarifa iliyokaa ndani ya seva, kompyuta kuu ya ofisi, na kuhakikisha havipotei. Kazi yangu ilikuwa bekapu: kunakili kila kilichomo, kwanza kwenye diski, halafu kwenye kanda, ili ya asili ikifa nakala ishike nafasi yake. Ni kazi isiyo na sifa. Ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, na sijawahi kuona mtu akipongezwa kwa jambo ambalo halikutokea.

Siku ya kwanza nilikwenda kazini nimevaa viatu vya kisigino nilivyonunuliwa na dada yangu. Mlangoni pa chumba cha kompyuta alisimama mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe, akavitazama viatu vile kwanza, mimi baadaye. Huyo ndiye Mzee Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, aliyekuwa bosi wangu na mwalimu wangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanipa kandambili za bluu na kuniambia viatu vyangu visubiri nje kwa sababu vimetembea barabarani na mashine zake hazijazoea wageni. Kandambili zile zilikuwa kubwa kuliko miguu yangu. Nikavaa.

Akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomjibu Same, Upareni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema amekuwa akiomba apelekewe Mpare kwa muda mrefu, maana Mpare hatupi kitu, na tena anaweza kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na ofisi inayotunza mipaka ya watu inamhitaji mtu wa namna hiyo. Nilikuwa mgeni lakini sikuwa bubu. Nikamwambia nimesikia Mzaramo akisikia ngoma huacha hata chungu jikoni, kwa hiyo ni vizuri tuwe wawili, mmoja acheze na mwingine aangalie moto. Alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku ile hatukukosana ila mara chache, na mara zote ilikuwa juu ya vumbi.

Somo la kwanza alinifundisha kabla ya chai. Alinionyesha jinsi ya kuwaambia watumiaji wote wafunge kazi zao, kuisimamisha databesi, kunakili, kisha kuifungua tena. Nilimuuliza kwa nini tusinakili watu wakiendelea kufanya kazi, maana kompyuta inakubali. Akasema kompyuta inakubali mambo mengi. Ukinakili faili wakati linaandikwa, utapata nusu ya jana na nusu ya leo, na siku ukilihitaji halitafunguka. Siku hizi zipo programu zinazoweza kunakili bila kusimamisha chochote, nami nazishukuru, lakini wakati ule ilikuwa lazima ofisi nzima inyamaze kwanza. Wahasibu walikuwa wakinikasirikia kila Ijumaa asubuhi. Nilizoea.

Somo la pili ndilo lililonitengeneza. Kanda ilipomaliza kuandikwa nilijipangusa mikono, nikadhani nimemaliza.

"Umemaliza nini?" akaniuliza Mzee Pazi. "Umeandika tu. Mtu akikuandikia barua ukaiweka mfukoni, utasema umeisoma?"

Akanirudisha kitini. Tulichagua shamba moja bila mpango, tukalirudisha kutoka kwenye kanda na kulipeleka kwenye kompyuta ya pembeni, tukalilinganisha na lile la kwenye seva, namba kwa namba. Zilipolingana aliegemea kiti na kusema neno moja kwa sauti, kama mtu anayeitikia dua: "Imesomeka." Neno hilo likawa desturi ya ofisi. Hakuna kanda iliyotoka chumbani kabla ya mtu kulitamka, na ilibidi litamkwe, kunong'ona hakukubaliwa. Mwanzoni niliona ni vituko vya mzee. Baada ya miezi michache nilikuwa nalitamka kwa sauti kubwa kuliko yeye.

Baada ya hapo kanda ilisafiri. Mzee Pazi alishikilia kwamba nakala isilale mji mmoja na ya asili, kwa sababu moto na mafuriko havichagui chumba. Basi kila Ijumaa gari la ofisi liliipeleka Kisarawe kwa njia ya vumbi ya kupitia Kiluvya, ambayo wakati wa masika haikuwa ya vumbi tena. Kanda ilisafiri ndani ya kasha la plastiki la kutunzia barafu, ili isipate joto wala mtikisiko. Kasha lenyewe lilikuwa jeupe lenye mfuniko wa buluu, sawasawa na la wauza aiskrimu, na kila tuliposimama njiani watoto walitukimbilia. Dereva wetu alichoka kuwaeleza, mwishowe akawa ananunua pipi na kuzigawa. Nadhani ndiyo bekapu pekee nchini iliyokuwa inapokelewa kwa shangwe.

Kisarawe nako kulikuwa na visa vyake. Kuna wakati tawini alikuwapo karani mmoja, mama mwema kupita kiasi, aliyesikia kwamba kanda haitaki joto. Nilipokwenda kukagua kabati nililikuta tupu. Yule mama akanishika mkono kwa upole, akanipeleka jikoni na kufungua jokofu. Kanda zetu zote zilikuwa zimepangwa humo vizuri, kati ya soda za wageni na fungu la mchicha. Zilikuwa zimelowa umande. Tulizitoa, tukaziacha kivulini siku kadhaa zikauke taratibu, na nyingi zilipona. Sikuweza kumgombeza, kwa sababu alikuwa amezitunza kuliko alivyotunza mchicha wake. Baada ya kisa kile Mzee Pazi aliomba ahamishiwe Kisarawe. Alisema anataka kuwa karibu na kwake, lakini mimi nilijua alichokuwa anataka kuwa karibu nacho ni lile kabati.

Hivyo nikabaki Kibaha na mashine ya kanda, na naomba niiseme vizuri mashine ile kwa sababu bila kuielewa hamtaelewa yaliyofuata. Zilinunuliwa mbili, pacha, moja ya Kibaha na moja ya Kisarawe. Ya Kisarawe iliharibika mapema. Ilianza kutafuna utepe, na fundi akasema meno yake ya ndani yamekwisha. Ya kwangu ilidumu miaka mingi. Niliisafisha kila wiki, nikaifunika kwa kitambaa, nikaisemesha nikiwa peke yangu. Iliandika kanda zetu zote, na yenyewe ndiyo iliyozisoma kila Ijumaa tulipofanya majaribio. Kila Ijumaa tulisema imesomeka, na kila Ijumaa ilikuwa kweli.

Kisha akaja meneja mpya, Bwana Lyimo, kijana wa Kichaga aliyesoma nje na ambaye, nikiri, alikuwa na akili sana. Alileta diski kubwa zilizopangwa kwenye kabati la chuma, zinazonakili kila siku bila mtu kugusa kitu na bila wahasibu kunikasirikia. Nilizipenda. Unapotafuta faili la jana, kwenye diski unalipata kabla chai haijapoa, wakati kwenye kanda unasubiri izunguke weee mpaka ifike. Alipouliza kama bado tunahitaji kanda, nilimwonyesha kwamba diski zake na seva zimekaa chumba kimoja na zinakula umeme mmoja. Akafikiri, akasema basi kanda ziendelee. Wapo mameneja wanaojibu hivyo. Si wengi.

Sasa niwalete kwa Bi Mwanahawa.

Bi Mwanahawa alikuwa mjane wa Kibuta, upande wa Kisarawe. Mumewe alimwachia shamba la mihogo na mikorosho ya zamani, na binti wawili: Asha aliyekaa naye, na Zuhura aliyeolewa Gwata. Baada ya mazishi, shemeji yake alidai nusu ya shamba, ile yenye mikorosho, akisema ni ya ukoo. Wazee wa ukoo walikaa, wakasuluhisha. Wapimaji wetu waliitwa, pande zote mbili zikatembea mpaka pamoja, bikoni zikazikwa, na vipimo vikaletwa Kibaha nami nikaviingiza mwenyewe kwenye databesi. Ijumaa ya wiki hiyo viliingia kwenye kanda na kwenda Kisarawe. Kilichobaki ilikuwa ni kuchapisha ramani na kumpa.

Kabla hatujachapisha, shemeji akageuka. Bikoni ziling'olewa, haikujulikana na nani, ingawa Kibuta nzima ilijua. Akasema hakuwahi kukubali mpaka wowote, na hatakubali kupimwa tena. Kesi ikaenda baraza la ardhi, ikapangiwa siku. Bi Mwanahawa hakuwa na kitu kingine cha kuonyesha isipokuwa vipimo vya siku ile ambayo wote walitembea pamoja. Navyo vilikuwa kwetu, kwenye seva na diski na kanda tu.

Wiki ya kabla ya kesi, mvua ya masika ikanyesha mchana kweupe na radi ikapiga nguzo ya umeme mbele ya ofisi. Nilikuwa kantini. Nilisikia mlio, kisha nikanusa. Aliyefanya kazi na mitambo anajua harufu ya waya ulioungua, nami niliijua kabla sijafungua mlango. Vifaa vya kuzuia umeme mkali viliungua pamoja na vitu vilivyopaswa kulindwa. Seva ilikufa. Diski za Bwana Lyimo zilikufa zote pamoja, kama ndugu wa tumbo moja. Mashine yangu ya kanda nayo ilitoa moshi mdogo kwa nyuma, ikazimika.

Bwana Lyimo alisimama mlangoni, amelowa, akaniuliza kama kuna kilichobaki. Nikamwambia zipo kanda Kisarawe, na kwamba kila moja imesomwa. Nilisema kwa majivuno, siwafichi. Nilijiona kama mwenye ghala wakati wa njaa.

Tuliazima seva na mashine mpya ya kanda kutoka kwa wauzaji wa Dar es Salaam, ya aina ileile inayopokea kanda zetu. Kasha la aiskrimu likarudi kutoka Kisarawe. Nikaitia kanda ya mwisho, ile yenye shamba la Bi Mwanahawa, nikakaa na kungoja. Mashine ikazunguka, ikarudi nyuma, ikazunguka tena, ikaandika kwenye kioo kwamba haioni kitu. Nikasafisha, nikajaribu tena. Hakuna. Nikatia kanda ya wiki iliyotangulia. Hakuna. Nikatia ya mwezi uliopita. Hakuna.

Katika hali hiyo ndipo mlinzi alipokuja kusema kuna mama ananiuliza. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa mapokezi na binti yake Asha, amejifunga kanga mbili mpya kwa ajili ya safari ya mjini, amefuata ramani yake. Nilimwamkia, nikakaa kando yake. Ningeweza kumwambia arudi kesho. Nilimweleza yote: radi, seva, kanda zisizosomeka.

Alisikiliza bila kunikatiza. "Mwanangu," akasema, "mie mambo ya mashine siyajui. Nijibu moja tu. Shamba langu lipo, halipo?"

"Shamba lipo Kibuta, mama. Ushahidi wake ndio ninaoutafuta."

"Na usipouona?"

Asha alitazama sakafu. Mama yake akaifunga kanga yake vizuri, akasema atangoja kwa ndugu yake hapa Kibaha, hana haraka kuliko kesi yake. Niliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu ya kazi. Kitu kilichonitisha hakikuwa kufukuzwa. Niliogopa zile Ijumaa zote za miaka yote ambazo tulisema neno letu kwa sauti, na sasa neno lenyewe lilionekana halikuwa na maana.

Nilirudi chumbani na kwa kukosa la kufanya nikaanza kujaribu kanda zote, kuanzia za zamani kabisa. Ya zamani kuliko zote ikasomeka, safi, bila kusitasita. Nikapiga kelele, Bwana Lyimo akaja mbio. Tukatia iliyofuata, ikasomeka. Za miaka ya katikati zilisomeka kwa shida, huku zikikwama na kurudia. Kadiri tulivyokaribia leo ndivyo zilivyozidi kugoma, mpaka za karibuni ambazo zilikuwa kimya kabisa. Tulizipanga mezani kwa mfuatano wa miaka, tukazitazama wote wawili.

Nadhani tulielewa kwa pamoja, ila yeye ndiye aliyetamka. Mashine ilikuwa imepinda. Kichwa chake cha kuandikia kilikuwa kimehama mahali pake kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, nywele kwa nywele. Na kwa kuwa kichwa hicho hicho ndicho kilichosoma, kila Ijumaa kilikuwa kinajisoma chenyewe, kikajielewa vizuri. Kanda zilikuwa nzima kabisa. Ila duniani kote mashine iliyoweza kuzisoma ilikuwa moja tu, na hiyo ilikuwa imeungua.

Nilimpigia Mzee Pazi nikamweleza. Akauliza kilichoungua ni nini hasa, kichwa au bodi ya umeme ya nyuma. Nikaenda kuifungua kwa bisibisi, simu nimeibana kwa bega. Bodi ya nyuma ilikuwa nyeusi. Kichwa, magurudumu, chuma chote cha mbele kilikuwa kizima.

"Basi usiiguse mbele," akasema. "Ije huku Kisarawe. Pacha wake ninaye."

Mashine ile ya Kisarawe, ambayo meno yake yalikwisha zamani na ambayo makao makuu yaliagiza itupwe, alikuwa ameivisha kanga ya mkewe na kuiweka chini ya kabati. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuitupa. Alisema aliishi na Mpare muda mrefu mno.

Tulikwenda asubuhi, mimi na Bwana Lyimo, seva na mashine ya kuazima zikiwa nyuma ya gari, na ile iliyoungua nimeipakata mapajani kama mtoto anayepelekwa kliniki. Mzee Pazi alikuwa ameandaa meza, amefuta vumbi, na kandambili zilitungojea mlangoni. Bwana Lyimo alizivaa bila kuuliza, nikampenda zaidi. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka kwa uzee, kwa hiyo alielekeza na mimi nikafungua. Meneja alishika tochi. Tulitoa bodi nzima ya mashine iliyokosa meno, tukaifunga kwenye mgongo wa mashine yenye meno. Waya zake ni bapa na laini, ukizivuta kwa hasira zinakatika, na mzee alinikumbusha hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Tulipoiwasha, taa ya kijani ikawaka. Nikaitia kanda ya mwisho. Ilizunguka. Mzee Pazi alikuwa akisogeza tasbihi yake, Bwana Lyimo amefumba macho, na mimi Mlutheri nilikuwa nikiomba chochote kinachoombeka. Kisha majina ya vijiji yakaanza kutiririka kwenye kioo, moja baada ya jingine, mpaka nikaiona Kibuta, na ndani ya Kibuta nikaliona shamba, na kona zake zote za bikoni ambazo niliziingiza kwa vidole vyangu.

Hakuna aliyesema neno letu. Nilitaka kulisema, nikalia. Ni Mzee Pazi aliyelisema hatimaye, kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza hakujali kwamba amenong'ona.

Tulinakili kila kitu kwenye seva ya kuazima, na kwenye diski, na kwenye kanda mpya kwa mashine mpya, kabla ile ya zamani haijabadili mawazo. Wakati tunafunga vifaa nilimuuliza mzee tulikosea wapi, maana tulifuata kila alilonifundisha. Alijifuta uso kwa kofia.

"Tulisoma, ndiyo," akasema. "Lakini tulimwacha aliyeandika asome mwandiko wake mwenyewe. Hata mie mwandiko wangu ninausoma. Mke wangu hausomi."

Siku hiyohiyo tukaweka sheria ambayo ninyi mnaifuata mpaka leo, labda bila kujua imetoka wapi: kila ofisi iwe na mashine yake, kanda ya Kibaha isomwe Kisarawe, na ya Kisarawe isomwe Kibaha. Neno letu litamkwe kwenye simu na yule ambaye hakuandika.

Ramani nilimkabidhi Bi Mwanahawa mwenyewe. Aliishika kwa mikono miwili. Aliniuliza imekuwaje ikapatikana, nikamsimulia kama nilivyowasimulia, mpaka ile sheria mpya, na kwamba ikisomeka tunasema "imesomeka". Alinisikiliza kwa makini kuliko mameneja wengi. Baraza lilitumia vipimo vile, bikoni zikazikwa upya palepale zilipokuwa, na shemeji akashindwa. Nasikia siku hizi wanazikana na kuozeshana kama kawaida, maana undugu hauna pa kwenda.

Miaka ikapita, ya amani nyingi, na amani haina cha kusimulia. Mzee Pazi alistaafu, akafariki kwa uzee akiwa amezungukwa na watu wake. Bwana Lyimo alihamia kwingine, na bado hunipigia simu sikukuu. Ninyi mkaja na mambo ya kutuma nakala kwenye seva za mbali kupitia mtandao, nikawauliza swali moja tu, nani ambaye hakuziandika atazisoma, mkanicheka, kisha mkaenda kulifanyia kazi. Niliondoka moyo wangu mweupe.

Mwezi uliopita nilipata ujumbe kwamba Bi Mwanahawa ananiita Kibuta. Nilikwenda nikidhani anaumwa. Nilimkuta amezeeka sana, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, na binti zake wote wawili wapo. Baada ya chai na mihogo aliniambia amewagawia shamba wangali wanamwona, asije akafa wakaanza kung'oleana bikoni. Mpaka, akasema, alimfundisha Asha kwa miguu, kona hadi kona. Zuhura hakumfundisha. Asha ndiye aliyemfundisha Zuhura, yeye akiwa hayupo.

"Sasa twende," akasema. "Zuhura atuonyeshe."

Tukatembea taratibu, mama ameshika fimbo, mimi nimemshika mkono. Zuhura, ambaye hakuwepo siku ya kupimwa na hakuwahi kuonyeshwa na mama yake, alitangulia mbele. Alisimama kona ya kwanza, akafukua majani kwa mguu, bikoni ikaonekana. Akasema hapa tunapakana na fulani. Akaenda ya pili, na ya tatu, upande wa mikorosho ambako ugomvi ulianzia. Asha alikuja nyuma yetu, amejizuia kusema kwa kuuma ncha ya kanga. Mama naye hakumsaidia binti yake hata kwa jicho.

Zuhura alifika kona ya mwisho, akainama, akalisafisha jiwe kwa kiganja. Bi Mwanahawa alisimama hapo akihema, akanigeukia.

"Wewe ndiye mwenye kazi," akasema. "Haya, sema."

Nikasema kwa sauti, Kibuta nzima isikie: "Imesomeka."